Kukanyaga Ndizi Juu ya Barafu

Nyakakika, jioni ya kuamkia safari yako

Kemilembe, mama,

Habari ya soksi nzito, ya dawa ya goti na ya kopo la senene mama yako amekwisha kuimaliza, na kwa sauti ambayo hata watu wa ng'ambo ya bonde sasa wanajua kuwa unakwenda Njombe na kwamba Njombe kuna baridi. Sina la kuongeza hapo. Nimeomba meza isogezwe hadi kitandani, nikaanza kuandika jua likiwa bado juu ya migomba, maana mkono huu siku hizi unaandika mstari mmoja kisha unasimama kama ng'ombe mzee kwenye mlima.

Nataka kujibu swali lako. Juzi barazani uliponiambia umepata kazi ya kuwafundisha mpira wasichana wa shule, nilisema, "Kwa hiyo umeshindwa." Nikaongeza na ule msemo wangu, kwamba aliyeshindwa kucheza ndiye hufundisha. Ukaniangalia. Ukauliza kwa upole, na upole ule ndio uliouma, "Na wewe, mwalimu, ulishindwa nini?"

Nikajifanya nakohoa. Mama yako akaleta maji. Tangu hapo unaniamkia, unanipangia mito, unanipa dawa kwa wakati, lakini hukai tena kwenye kile kigoda. Kesho alfajiri pikipiki itakuchukua hadi Omurushaka kupanda basi. Na daktari amezungumza na mama yako kwa sauti ya chini, ile ambayo wagonjwa huisikia vizuri kuliko ya juu. Hutanikuta ukirudi likizo. Basi jibu lisipotoka leo halitatoka.

Siwezi kukujibu bila kukueleza habari za Torgeir. Unamkumbuka: yule Mzungu mrefu kutoka Norwei aliyeanguka ndani ya mtumbwi wa ndizi ulipokuwa darasa la pili, kijiji kizima kikacheka. Hayo tu ndiyo unayoyajua, kwa sababu hayo tu ndiyo niliyowahi kuwasimulia.

Na siwezi kumfikia Torgeir bila kupitia kwa Tata, babu yako. Wewe ulimkuta amekwisha kuwa mzee wa kuotea jua. Mimi nilimkuta akiwa mkanyagaji. Gogo lile lililochongwa kama mtumbwi, ambalo sasa kuku wanatagia, ndimo tulimokanyagia ndizi za lubisi, pombe yetu ya ndizi, mimi na kaka zangu. Ndizi zilizoiva zinamenywa, zinamwagwa humo, zinachanganywa na nyasi, nawe unaingia kwa miguu iliyooshwa, umeshika mti uliofungwa juu kwa mlalo. Ni utelezi usio na mfano. Ukinyoosha magoti, umeanguka. Ukiogopa, umeanguka. Lazima ukunje magoti, uzito ukae chini, mguu ushuke mzima mzima kabla mwingine haujaondoka.

Tata alipougua miguu hakuingia tena. Alikaa kwenye kigoda kando ya mtumbwi, ametupa mgongo, akisikiliza. "Elia, wewe unapiga, hukanyagi." "Ongezeni nyasi, huyo wa mwisho anateleza." Hakugeuka kamwe kutazama. Watu wa kijiji cha Igurwa walikuja kumwita akawasikilizie vijana wao. Mimi nilidhani wanamwonea huruma mzee asiyeweza tena, wanampa kibuyu cha kwanza ili asijisikie vibaya. Nilikuwa kijana msomi, Kemi. Kijana msomi anadhani mambo mengi.

Kanisa likanipatia nafasi ya kusomea ualimu Norwei, katika mji mdogo wa mbao na theluji. Nilipanga chumba cha juu kwa mama mmoja mjane. Mwanawe Torgeir, rika langu, mchana alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasulia mbao, jioni alikuwa beki wa timu ya mji ya hoki ya barafuni. Jumapili ya kwanza baada ya ibada akaniambia, "Njoo uone kanisa letu la pili."

Mama, wewe umecheza mpira mbele ya maelfu ya watu na huenda hutashangaa. Mimi nilikuwa sijawahi kuona maji yaliyosimama. Uwanja mzima, mkubwa kuliko wa kanisa letu, maji magumu meupe, na juu yake wanaume wakubwa wenye magongo, wamevaa viatu vyenye makali kama visu. Wakaingia. Sikuona mtu akinyanyua mguu. Walikwenda kama ndege aina ya mwewe anavyokata anga la Isingiro bila kupiga bawa, wakigeuka ghafla hadi unga wa barafu unaruka, wakifukuzana na kisahani cheusi kidogo ambacho jicho langu lilikipoteza kila mara. Torgeir alikuwa anarudi nyuma, kinyumenyume, kwa kasi ambayo mimi sikuwahi kuifikia nikikimbia mbele, na macho yake hayakumwachia adui. Nilisimama. Mama yake akanivuta koti. "Kaa, Elia, unawaziba watu." Sikuweza kukaa. Nilikuwa nimesoma Biblia yote na sehemu ile ya mtu anayetembea juu ya maji nilikuwa nimeipita haraka.

Kutoka pale hadi nyumbani njia ilikuwa barafu tupu. Vikongwe wa mji ule walinipita na vikapu vyao. Mimi nilikwama. Halafu miguu ikakumbuka yenyewe. Nikakunja magoti, nikainua mikono kana kwamba nimeshika ule mti wa juu, nikaanza kukanyaga. Torgeir alicheka hadi akakaa kwenye theluji.

"Elia! Umepanda baiskeli gani hiyo isiyoonekana?"

"Ninakanyaga ndizi."

"Ndizi zipi?"

Nikamweleza pale pale, meno yakigongana. Kicheko kikaisha. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akainama kuangalia magoti yangu kama fundi anayeangalia injini. "Nani alikufundisha hivyo?"

"Baba yangu."

"Alikuwa mchezaji?"

"Baba yangu hajaona barafu hata ya kwenye glasi."

Majira ya baridi yaliyofuata nilikuwa uwanjani alipoumia. Mwenzake alimsukuma kwenye ukuta wa mbao unaozunguka barafu, akaangukia nyonga. Mlio ule niliusikia nikiwa jukwaani, na niliusikia tena mwaka jana uliponisimulia goti lako lilivyolia Mwanza. Wakamwambia hatacheza tena. Akakaa jikoni wiki baada ya wiki, pazia la upande wa uwanja limefungwa. Mama yake akimwekea chakula, yeye anasema, "Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hasira?"

"Mama, niache."

"Nikuache uoze jikoni mwangu? Viazi vinatosha kuoza humu."

Unaona kwamba mama zetu ni wamoja.

Kulikuwa na uwanja mwingine mdogo wa nje, wa watoto, na mzee aliyekuwa akiumwagia maji alishikwa na mafua. Mama yake akamtuma Torgeir kwa nguvu. Nilikwenda kumshikia mpira wa maji, maana yeye alikuwa na fimbo. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashangaa: barafu nzuri hutengenezwa kwa maji ya moto. Tulimwaga maji yanayofuka mvuke kwenye baridi ile, tabaka jembamba tu, tukangoja, tukamwaga tena. "Ya baridi yanaganda kabla hayajaingia," Torgeir alisema. "Ya moto yanayeyusha kidogo ya chini, yanashikana nayo." Hiyo ilikuwa sentensi ndefu ya kwanza kutoka kinywani mwake tangu aumie.

Kesho yake watoto wakavamia uwanja mapema. Akatoka na fimbo yake kuwafokea kwamba wanamharibia barafu. Msichana mmoja mwenye kofia nyekundu akaanguka, akainuka, akaanguka tena, akaanza kulia. Torgeir akapiga kelele, "Kanyaga ndizi!" Mtoto akamtazama kama mwendawazimu. Torgeir akanigeukia. "Elia, waonyeshe."

Basi mimi, Mnyambo wa Nyakakika, nimevaa sweta tatu, nikapanda kwenye barafu na viatu vyangu vya shule, nikainua mikono, nikakunja magoti, nikakanyaga ndizi mbele ya watoto wa Wanorwei. Wakacheka. Kisha wakafuata, safu nzima, mikono juu, wameshika mti usiokuwepo. Yule wa kofia nyekundu akazunguka uwanja bila kuanguka.

Nilipomtazama Torgeir nimwone kama amefurahi, alikuwa ametupa mgongo. Amefumba macho. "Wa pili kutoka mwisho anaegemea kisigino," akasema. Nikaangalia. Ilikuwa kweli. Alikuwa anasikia makali ya viatu yanavyokwaruza barafu, na kila mtoto alikuwa na mlio wake. Nilikuwa mbali na nyumbani kuliko mtu yeyote wa kijiji chetu alivyowahi kufika, na mbele yangu alikaa Tata kwenye kigoda.

Ungedhani baada ya kuona jambo kama lile ningerudi nyumbani nikiujua ualimu ni kitu gani. Nilirudi na cheti nikidhani kitanipeleka wizarani. Wenzangu niliosoma nao walipata ofisi Dar es Salaam, viti vya kuzunguka. Mimi nikapangiwa sekondari hapa hapa, hisabati na chaki. Nikangoja uhamisho. Nikaoa nikiungoja, mkazaliwa nikiungoja. Ule msemo wangu wa aliyeshindwa niliutunga mwenyewe chumba cha walimu, wenzangu wakacheka, nami nikaubeba miaka yote kama fimbo ya kujichapia.

Ndipo Torgeir akaja kututembelea. Tulikaa sebuleni, wewe umeleta kisahani cha kahawa ya kutafuna, akatafuna na maganda yake na kukunja uso, ukakimbia kwenda kucheka nje. Akanisimulia maisha yake kwa lugha yao. Aliwafundisha wale watoto hadi wakawa wakubwa. Wakampa timu ya mji, ya wanaume. Ikashinda, watu wakambeba mabegani. Ikaanza kushindwa, wakamfukuza katikati ya msimu, habari ikatoka gazetini na picha yake amefumba macho. "Walidhani nimelala," akasema, akacheka. "Kesho yake nilifanya nini, unadhani? Nilikwenda kumwagia maji uwanja wa watoto." Kisha akaanzisha timu ya wasichana, watu wakimwuliza kama amekosa kazi. Aliwataja wasichana wale mmoja mmoja, nani alikuwa mwoga, nani alitukana, nani sasa anachezea taifa. Wa kofia nyekundu naye ni kocha. "Bado anawaambia watoto wakanyage ndizi," akasema. "Hajui zilitoka wapi."

Halafu akaniuliza, akiwa na furaha usoni, "Na wewe, Elia? Unawafundisha akina nani?"

Nikamwambia niliacha kufundisha zamani. Nikamwambia mimi ni mkubwa ofisi ya elimu.

Mama yako alikuwa pale, hakuelewa lugha. Nilijiona salama.

Siku ya pili vijana walikuwa wanakanyaga ndizi na Torgeir akaomba aingie. Hiyo unaikumbuka: suruali imekunjwa, miguu myeupe kama mihogo iliyomenywa, vijana wanapiga kelele, "Mzungu anaogelea!" Akaanguka, pwaa. Usichokikumbuka, kwa sababu ulikuwa unagaagaa kwa kicheko, ni kilichofuata. Aliinuka, akashika mti, akakunja magoti licha ya nyonga yake, akakanyaga. Vijana wakanyamaza polepole. Tata alikuwa kwenye kigoda chake, macho yake yamekwisha, mgongo kwetu.

"Nani huyo aliyeingia?" akauliza.

"Mgeni wangu, Tata."

"Mgeni hakanyagi hivyo. Huyo amefundishwa." Akasikiliza tena. "Amefundishwa na nani?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Na wewe, Tata. Miguu yako imefika kwenye barafu ya Norwei, na wapo watoto kule wasiokujua ambao hawaanguki kwa sababu yako. Ningesema hivyo ningelazimika kusema na mengine, kwamba niliwahi kufundisha kitu na nikajivunia. Nikamjibu, "Sijui." Alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Hajui mpaka leo, isipokuwa kama wafu wanajua.

Na sasa lile la kwako, ambalo ndilo zito.

Kila tulipopita na Torgeir, watoto wa shule waliniamkia, "Shikamoo, mwalimu!" Sokoni, kanisani, kwenye kibanja cha jirani. Alisikia neno lile mara nyingi, akataka kulijua. Hakuniuliza mimi. Alikuuliza wewe, kwa mikono. Nilitoka nyuma ya nyumba nikawakuta mmesimama kwenye ukuta wa jiko. Ulikuwa umechukua mkaa, umeandika a, e, i, o, u, kwa herufi kubwa. Umeshika kijiti, unaonyesha herufi moja moja kwa sauti ya kutafuta ukali, na mkono mmoja nyuma, kama ninavyosimama mimi. Kisha ukanionyesha mimi kwa kile kijiti na kusema, "Mwalimu!" Ulikuwa unatabasamu. Ulikuwa unanijivunia, Kemi.

Nikakuchapa. Nikafuta ukuta kwa kiganja changu. "Nani kakuambia uchafue ukuta? Nenda ukachote maji!" Ukaenda na ndoo, unalia bila sauti, na mimi nikabaki na kiganja cheusi mbele ya rafiki yangu. Hukuchapwa kwa sababu ya ukuta. Ulichapwa kwa sababu ulisema ukweli uliokuwa mzuri na mimi nilikuwa nimesema uongo mbaya.

Siku ya kuondoka, mlangoni pa gari, Torgeir alinishika mkono kwa mikono yake miwili kama tufanyavyo sisi, akasema kwa Kiswahili, polepole, asikosee, "Asante, mwalimu." Alikuwa anatuma kadi kila Krismasi. Sikumjibu hata moja, mpaka mtu mwingine akaandika badala yake kwamba amefariki, na kwamba siku ya maziko watoto wa uwanja walimwaga maji ya moto wakatengeneza barafu mpya ambayo hakuna aliyeikanyaga siku nzima.

Sasa swali lako. Nilishindwa nini?

Nimelala hapa naligeuza. Sikushindwa kucheza, maana hakuna mchezo niliowahi kuuacha. Hisabati niliipenda. Nilipokuwa ubaoni na mtoto wa mwisho darasani akashtuka kwa kuelewa, nilisikia kitu kile kile nilichokisikia siku ya kwanza barafuni, nikatamani kusimama na kuwaziba watu. Nilikuwa mwalimu mzuri, mama. Nilikuwa na kazi niliyoistaajabia, nikaitazama maisha yangu yote kwa macho ya watu wenye viti vya kuzunguka. Hilo ndilo nililoshindwa, na hakuna mtu aliyenishinda.

Na kuna jambo hulijui. Miezi hii uliyokuwa nyumbani na magongo yako, jioni unawakusanya watoto uani. Mama yako alifikiri kelele zinanisumbua, akataka awafukuze. Nilimkataza. Nilikuwa nimegeukia ukutani, nikisikiliza. Yule binti wa majirani zetu waliotoka Burundi, aliyekuwa anaupiga mpira kwa ncha ya kidole, nimemsikia akibadilika. Wiki za kwanza mlio wake ulikuwa mkavu. Sasa ni mzito, wa mguu mzima. Na ulimfanyia hivyo kwa mdomo tu, umekaa kwenye lile gogo la kuku, bila kumfokea hata mara moja. "Kunja goti, dada. Usiuogope mpira, haukudai." Nilipokusikia nilijua kitu gani kimeingia uani kwangu, maana nilikuwa nimekwisha kukiona mara mbili. Na juzi uliponiletea habari yake nikakutemea neno lile. Nilikuwa namjibu mtu mwingine, kijana wa sweta tatu aliyeniangusha. Nisamehe, au usinisamehe kwanza, lakini usiondoke ukidhani nilikudharau. Nilikuwa nimeshangaa nisijue la kusema.

Wanasema huko Njombe kuna asubuhi ambazo umande huganda kwenye majani. Ukiiona barafu hiyo, inama uiguse. Ndiyo ile ile.

Mama yako anasema kesho mtatoka kwa kunyata ili mzee alale. Usinyate. Nitakuwa macho. Pita upande wa dirisha langu, pale penye kokoto, ukanyage. Goti la kushoto bado unalionea huruma, nalisikia asubuhi zote unapokwenda kisimani. Likunje sawa na lenzake. Usinichungulie kuaga, nitakuwa nimekupa mgongo, na nitakusikia mpaka getini, na ng'ambo ya geti, mpaka sauti ya pikipiki ikufunike.

Baba yako,
mwalimu